Kona moja ya paa la kempa imelala: pima kabla ya kununua shokapu za gesi

Swali: "Shikamoo fundi. Nipo Tanga mjini. Nina Hilux yenye kempa, yaani chumba cha kulala kinachobebwa na pikapu, ya paa la kuinuka, niliinunua ikiwa imetumika, imetoka Afrika Kusini. Napeleka wageni Pangani, Saadani na Lushoto. Tangu masika yaliyopita, paa likiwa juu, kona ya nyuma kushoto inakuwa chini kuliko nyingine kama sentimita mbili, na kwenye barabara mbovu nasikia mlio kama wa mlango mkavu. Tanga nainua paa mwenyewe, lakini Lushoto asubuhi linakuwa zito mpaka naomba msaada. Juu nimefunga sola paneli mbili na keria ya madumu. Fundi wangu anasema shokapu za gesi zimechoka, tuweke zenye nguvu zaidi. Nikubali? Picha nimeambatanisha."

Marahaba, mwanangu. Usikubali bado. Inawezekana shokapu zako zimechoka kweli, lakini shokapu iliyochoka hailazi kona moja ya paa la aina yako kwa sentimita mbili. Paa lako likishasimama halishikwi na gesi. Linashikwa na zile mbao mbili za kukunja, ya mbele na ya nyuma, pamoja na bawaba zake na fremu inayozibeba. Shokapu ya gesi, lile bomba lenye fimbo inayosukumwa na gesi, kazi yake ni kumsaidia anayeinua. Kwa hiyo ulichonieleza ni matatizo mawili, pengine matatu, yaliyokutana kwenye gari moja, na fundi wako ameyapa dawa moja. Dawa yenyewe inaweza kulimaliza lile lililo baya zaidi kwa namna usiyoitaka: kwa kung'oa kilicholegea.

Nianze na aina ya kempa, maana watu watakushauri kufuatana na walichokiona wao. Ziko kempa zinazoinuliwa kwa mpini wa kuzungusha, ambapo waya wa chuma unapita kwenye kapi na kusukuma nguzo nne za kona. Ziko za Marekani kama Alaskan, zenye kuta ngumu, ambazo paa lake huinuliwa kwa haidroliki. Nyingine zina mota za umeme kila kona. Kwenye zile za waya, kona moja ikilala, unaangalia waya na kapi kabla ya kitu kingine chochote. Ya kwako haina waya hata mmoja. Picha zinaonyesha ubao wa plaiwudi mbele na mwingine nyuma, kila mmoja umekatwa katikati na kuunganishwa kwa bawaba ndefu. Ukilisukuma paa, ubao unanyooka na kusimama kama ukuta mfupi. Kuta hizo mbili ndizo nguzo zako. Upande wa nyuma kushoto ukishuka, ama ule ubao wa nyuma haunyooki vizuri upande wa kushoto, ama bawaba imeachia hapo, ama kile ilichofungiwa bawaba kimelegea. Sentimita mbili lazima zipatikane mahali fulani kati ya hapo, na zinapimika.

Sasa kwa nini nakataa shokapu za nguvu zaidi kabla hatujapima. Chukua hali ya paa likiwa limefungwa, uko njiani kwenda Pangani. Shokapu imebanwa hadi mwisho, na gesi iliyobanwa hadi mwisho ndiyo inayosukuma kwa nguvu kubwa kuliko wakati wowote. Tena haijasimama wima, imelala karibu sambamba na sakafu, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu hiyo haiinui chochote. Inasukuma breketi kwenda pembeni na kuvuta skrubu zitoke kwenye mbao. Hali hiyo ni ya safari nzima, na ni ya usiku kucha gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Kinachozuia paa lisifunguke ni makomeo, na makomeo yameshikwa na fremu ileile tunayoishuku. Ukitoa shokapu ya nyutoni 250 (nyutoni ni kipimo cha nguvu) ukaweka ya 400, umeongeza msukumo wa kilo 15 hivi kwa kila breketi, saa zote, ili upate unafuu wa sekunde chache za kuinua. Kama mbao na bawaba ni nzima zitavumilia. Kama zimeanza kuachia, zitaachia upesi zaidi, na utakapoona itakuwa ni breketi iliyong'oka pamoja na kipande cha plaiwudi.

Uzito wa Lushoto alfajiri nao una maelezo yake, tena hauonyeshi kabisa kwamba shokapu ni mbovu. Ndani mwake mna naitrojeni, na nguvu ya gesi hupanda na kushuka na joto. Tofauti ya Tanga mchana kwenye nyuzi 32 na Lushoto alfajiri kwenye nyuzi 12 inatosha kupunguza nguvu ya shokapu ileile kwa karibu asilimia 7. Kama unazo nne za nyutoni 250, umepoteza nyutoni 60 na kitu, yaani karibu kilo 7, na hizo sasa zimekuwa za mikono yako. Ongeza turubai la plastiki linalozunguka chini ya paa, ambalo kwenye baridi hukakamaa na halitaki kunyooka, halafu ongeza madumu. Mtu aliyeinua paa peke yake Raskazone, hapo Tanga mjini, anaomba msaada Lushoto, na hakuna kilichoharibika.

Haya, kupima. Utahitaji futi, pima maji, uzi, bisibisi, tochi, mizani ya kupimia uzito wa mwili, kipande cha mbao cha sentimita 3, karatasi na mtu wa kukusaidia. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa, kwenye gereji au kituo cha mafuta. Jaza upepo wa matairi sawasawa kushoto na kulia, na shusha kila kilichoko juu ya paa kinachoshushika.

Usipime kutoka ardhini. Hapa ndipo watu wengi wanapotea: wanaona paa limeinama kumbe springi ya upande mmoja imechoka na gari zima ndilo limeinama. Pima kutoka ukingo wa juu wa boksi la kempa hadi ukingo wa chini wa paa, kona zote nne. Fanya hivyo paa likiwa chini, komeo zote zikiwa wazi, kisha paa likiwa juu. Utakuwa na namba nane. Andika, usitegemee kichwa.

Namba hizo nane zina maana kubwa kuliko zinavyoonekana. Ikiwa paa likiwa chini kona nne zinalingana, na likiwa juu kona ya nyuma kushoto inapungua sentimita mbili, basi fremu ya paa huenda ni nzima na kasoro iko kwenye ubao wa nyuma na bawaba zake. Ikiwa hata paa likiwa chini kona ile haikai sawa, ama inabaki juu ama imezama zaidi kwenye mpira wa kuzuia maji, hapo fremu imepinda, au boksi lenyewe halina mraba tena. Boksi utalijua kwa mlango: pima kutoka kona ya juu ya tundu la mlango hadi kona ya chini ya upande wa pili, kisha mshazari mwingine. Vipimo viwili vikitofautiana milimita mbili tatu si neno. Vikitofautiana zaidi ya sentimita moja, acha kulisumbua paa kwanza, angalia vifungio vinne vinavyoshikilia kempa kwenye bodi ya pikapu. Chesisi ya pikapu imeundwa ijipinde kidogo barabarani, na kifungio kimoja kikikazwa kupita kiasi huku kingine kikilegea, mpindo huo wote unahamia kwenye kempa.

Baada ya hapo toa shokapu, lakini si kabla ya kukinga paa. Simamisha mirunda minne mifupi au mbao imara kwenye kona nne, mtu wa pili awe karibu nawe. Paa la namna hii likianguka linavunja vidole, na likimkuta mtu kichwani ni balaa. Tafadhali usifanye kazi hii peke yako.

Shokapu ikishatoka, soma maandishi kwenye bomba lake, utakuta namba na herufi N, yaani nyutoni. Isimamishe juu ya mizani, fimbo ikiwa chini, weka kitambaa isikwaruzike, kisha ibonyeze taratibu kwa mikono miwili hadi ianze kuingia. Kilo zinazosomeka wakati inaanza kuingia, zidisha kwa 9.8, ndiyo nguvu yake kwa nyutoni. Namba utakayopata itazidi kidogo iliyoandikwa kwa sababu ya msuguano wa mpira wa ndani, kwa hiyo jambo muhimu ni kulinganisha ya kushoto na ya kulia. Zikikaribiana, shokapu zimeshatoka kwenye orodha ya watuhumiwa wa kona iliyolala. Ikiwa moja ni dhaifu kwa robo au zaidi, au fimbo yake ina mafuta na vikwaruzo, ibadilishe, pamoja na mwenzake, kwa nguvu ileile iliyoandikwa. Za zamani usiruhusu mtu azitoboe au azichome moto akitafuta chuma chakavu. Gesi iliyo ndani iko kwenye mgandamizo mkubwa na inaua.

Tumefika kwenye bawaba, na ningekuwa hapo Tanga ningeanzia hapa kutokana na ule mlio unaousikia. Mlio ni chuma kinachosogea mahali ambapo hakikupaswa kusogea. Kuupata si kazi ngumu: paa likiwa juu, mwenzako asukume kempa kwa bega kutoka ubavuni, taratibu, kushoto kulia, huku wewe ukiwa ndani umeweka kiganja kwenye bawaba ya chini ya ubao wa nyuma, kisha ya katikati, kisha ya juu. Bawaba nzima unaihisi imetulia na ubao. Iliyolegea utaisikia kwa ngozi kabla ya sikio, inacheza chini ya vidole.

Kisha washa tochi, ilaze karibu na ukuta ili mwanga upite kwa pembeni, uangalie vumbi kuzunguka skrubu na ribiti (misumari ya kubana bati). Rangi ya vumbi hilo inaeleza mengi. Jeupe kama chumvi, lililovimba chini ya rangi ya fremu, ni alumini inayoliwa. Kwenye pwani yetu hewa ina chumvi, na chumvi ikiwa na unyevu pale ambapo skrubu ya chuma au ya stenlesi imeingia kwenye alumini, alumini ndiyo inayolika. Jekundu ni kutu ya kawaida, skrubu au pini ya bawaba ni ya chuma. Lakini jeusi au la kijivu iliyokoza, lililojichora kama mkia kutoka kwenye kichwa cha ribiti, ndilo la kutisha kuliko yote, hata kama ribiti kwa macho inaonekana imekaa vizuri. Hilo si uchafu wa barabarani. Ni alumini inayosagika kwa sababu ribiti inacheza ndani ya tundu lake. Mafundi wa ndege hutafuta alama hiyohiyo kwenye mabawa, na wakiiona hawaambiani tusubiri. Futa vumbi hilo kwa kitambaa chenye spiriti, endesha gari kwenda na kurudi Pangani, kisha angalia tena. Likirudi, hiyo ribiti imekufa.

Skrubu zilizoingia kwenye mbao zina kipimo chake. Shika bisibisi ya mkono, si ya umeme, ujaribu kukaza kila skrubu ya bawaba upande wa kushoto. Inayokaza kidogo na kusimama ni nzima. Inayozunguka tu bila kukamata, tundu lake limekwisha. Zikiwa mbili tatu mfululizo, umepata sehemu ya zile sentimita mbili.

Umesema ilianza masika. Neno hilo limenifanya nishuku plaiwudi kabla ya alumini. Ubao wa nyuma hupata maji kutoka sehemu mbili: yanayopenya kwenye tundu za skrubu za keria na sola juu ya paa, yakitiririka ndani ya silingi hadi ukingo wa nyuma, na yanayonyonywa na turubai lililokunjwa likiwa bichi. Turubai bichi likifungwa ndani ya paa kwa siku kadhaa kwenye joto la Tanga, plaiwudi iliyo karibu haikauki. Inavimba, gundi ya matabaka yake inaachia, na skrubu hazina cha kushika. Gonga ubao kwa mpini wa bisibisi kuanzia katikati kwenda kwenye kingo. Mlio mkavu wa kupasuka ni mbao nzima. Mlio mzito uliofifia ni mbao iliyojaa maji au iliyooza. Pale uliposikia mzito, bonyeza kwa ncha ya bisibisi kwenye ukingo wa chini, mahali pasipoonekana. Ncha ikizama milimita kadhaa bila taabu, ubao huo haustahili kutiwa viraka. Unakatwa mpya kwa kufuata wa zamani, plaiwudi ya majini, unene uleule, na kingo zote zinapakwa epoksi mara mbili kabla ya kufungwa. Kingo ndipo maji yanapoingilia, na cha kusikitisha ni kwamba mafundi seremala wengi hupaka uso ukang'aa na kuacha kingo zikiwa kavu.

Usiishie kwenye ubao tu hata kama umeukuta umeoza. Fremu ya paa nayo inahitaji kuulizwa, hasa kwa sababu ya keria.

Kwenye picha keria yako imekaa nyuma, upande wa kushoto, na madumu mawili. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, kwa hiyo mawili ni 40, bila keria yenyewe. Sola paneli za kioo za wati 100 huwa na kilo 7 au 8 kila moja. Gari likitumbukia kwenye shimo, mshtuko ukifika mara mbili ya uzito, zile kilo 40 zinabonyeza kama 80, tena kwenye kona ileile, kila shimo. Alumini ina tabia moja ambayo chuma hakina kwa kiwango hicho: chuma kikifanyiwa kazi chini ya kiwango fulani cha mkazo kinaweza kuvumilia mizunguko isiyo na idadi, lakini alumini haina kiwango salama cha namna hiyo. Kila mpindo unahesabiwa, hata mdogo. Ufa wake huanzia karibu kila mara pembeni mwa mshono wa kuchomelea, kwa sababu moto wa kuchomelea hulegeza alumini iliyo jirani na mshono kuliko iliyo mbali.

Kuijua fremu bila kufumua silingi, fanya hivi. Shusha paa, komeo zote wazi, shokapu zikiwa bado hazijarudishwa. Inua kona ya nyuma kushoto, weka kile kipande cha mbao cha sentimita 3 kati ya paa na boksi, achia. Zunguka gari upime mwanya kwenye kona nyingine tatu. Paa gumu litalazimika kunyanyua kona jirani. Paa lililolegea litajipinda na kona nyingine zitabaki zimekaa. Andika namba. Kisha hamisha mbao kona ya nyuma kulia, upime tena. Usihangaike sana na ukubwa wa namba, maana kila paa hujipinda kiasi chake. Linganisha pande mbili. Paa lisilo na ufa hujipinda karibu sawa likipindwa huku au kule. Penye ufa, kuna upande ambao mpindo unafungua ufa na paa linalegea, na upande ambao mpindo unaufunga na paa linakuwa gumu. Tofauti ya wazi kati ya pande mbili maana yake kuna kiungo kimeachana mahali fulani, hata kama hujakiona.

Vuta pia uzi juu ya paa kutoka ukingo hadi ukingo, kwa upana, sehemu tatu: mbele, katikati, nyuma. Paa zuri huwa limepanda kidogo katikati ili maji yatiririke. Likiwa limezama, maji ya mvua yanakaa, na maji ya kina cha milimita 10 kwenye mita moja ya mraba ni kilo 10 ambazo hukuzipakia. Ndani, kagua silingi karibu na kona: mstari mpya wa ufa, skrubu iliyotokeza kichwa, bati la nje lililokunjamana kama karatasi karibu na ribiti. Hizo ni dalili za fremu inayosogea chini yake.

Dalili zikiwapo, fumua silingi kona hiyo tu. Safisha mishono kwa spiriti, kausha, kisha tumia rangi ya kutafutia nyufa. Huuzwa kwenye makopo ya kupuliza yanayoendana: kisafishio, rangi nyekundu na unga mweupe. Unapulizia nyekundu, unasubiri dakika 10 hadi 15, unafuta kabisa, unapulizia nyeupe. Ufa usioonekana kwa macho utajitokeza kama mstari mwekundu. Kwa mtu anayepakia wageni, gharama hiyo sioni sababu ya kuikwepa.

Kuhusu matengenezo nitakuwa mfupi kwa yale mepesi na nitakaza kwa yale magumu. Ribiti zilizokufa zinatolewa, tundu linapekechwa, na inawekwa ya saizi inayofuata, kwa mfano kutoka milimita 4.8 kwenda 6.4, ya alumini iliyozibwa kichwa isipitishe maji. Pale bawaba ilipofungwa kwenye mbao kwa skrubu, kama mbao bado ni nzima, badili skrubu ziwe bolti zinazopita upande wa pili, nyuma yake uweke bapa la alumini linalogawa mzigo. Bolti za stenlesi ni nzuri, ila zisigusane na alumini zikiwa tupu. Weka washa za nailoni, paka grisi nzito au silanti ya poliurethani kwenye uzi wa bolti na chini ya kichwa. Ile silikoni ya bei nafuu inayonuka kama siki usiikubali popote penye chuma, kwa kuwa siki hiyo hula chuma, na ukishaipaka hakuna kingine kitakachoshika vizuri juu yake.

Ufa kwenye fremu ni habari nyingine. Fundi wa mageti ya chuma, hata awe hodari kiasi gani, mashine yake ya vijiti haifai hapa. Alumini nyembamba inataka mashine ya TIG ya mkondo geu na gesi ya argoni, na mtu aliyezoea alumini. Uliza kwanza kwa wanaotengeneza boti na matenki. Kabla hajawasha, silingi, sponji ya kuzuia joto na turubai la karibu viondolewe, maana vinawaka. Betri na sola vichomolewe. Na mshono usirudishwe vilevile ulivyokuwa: mwambie aongeze kipande cha pembetatu kwenye kona, ili mzigo usirudi kwenye mstari uleule uliopasuka. Kama hupati mtu wa TIG, bapa la alumini la milimita 3 lililogandishwa kwa epoksi na kufungwa kwa ribiti pande zote mbili za ufa ni bora kuliko mshono mbaya. Kutoboa tundu dogo mwisho wa ufa kunauchelewesha usiendelee, lakini hiyo ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Keria ya madumu ishuke. Hapa sitoi nafasi ya majadiliano, mwanangu. Maji yapange chini, kwenye sakafu ya kempa karibu na kabini, ambako hata gari lenyewe litakushukuru kwenye kona za Mombo kupanda Lushoto. Sola paneli zinaweza kubaki, ila zisogezwe zikae juu ya bomba za fremu, si katikati ya bati, na zilingane kushoto na kulia.

Ukitoka Saadani au ufukwe wowote, suuza bawaba na makomeo kwa maji yasiyo na chumvi, si matairi tu kama watu wengi wanavyofanya. Ukifika nyumbani inua paa liachwe wazi hadi turubai likauke kabisa. Wakati wa kusi, ukipiga kambi ufukweni, elekeza pua ya gari kwenye upepo. Ubao wa mbele ukipokea upepo uso kwa uso unahimili; upepo wa ubavuni unalisukuma paa kwenda upande na bawaba zako ndizo zinazolipa.

Hadi upime, usilale ndani na wageni paa likiwa juu bila mirunda miwili ya kukinga upande wa nyuma. Safari za mchana unaweza kuendelea nazo paa likiwa limefungwa na keria imeshuka. Ukimaliza kupima nitumie zile namba nane, kilo za kila shokapu, namba za jaribio la mbao pande zote mbili, na picha ya karibu ya vumbi kwenye bawaba ya nyuma kushoto kabla hujalifuta. Na mwonyeshe fundi wako karatasi hiyohiyo. Mkiiangalia pamoja mtajua ni kipi cha kununua, na huenda shokapu zisiwemo.